Ngazi za Simuni na Watoto wa Kambini

Ndugu wasomaji, kila shule zinapofungwa, malalamiko ya wazazi wa kambini huwa ni yale yale. Mtoto halali. Chakula kinapoa mezani. Bando la wiki nzima limekwisha siku ya Jumanne. Ukimwuliza anafanya nini, hujibu kwa neno moja tu: "Napanda." Ukiuliza anapanda wapi, hukutajia tarakimu: jana alikuwa ngazi ya 41, leo yuko ya 43. Aghalabu mazungumzo huishia hapo. Mzazi mmoja huipokonya simu kwa hasira, mwingine hunyamaza akisema kwamba ndiyo dunia ya leo.

Mimi ni mtumishi wa serikali hapa Kampala. Kabla ya kuja ofisini nilisomea ualimu, nikapata cheti cha Daraja la Tatu, nikafundisha shule ya msingi kwa miaka minne. Kwa hiyo neno hili "kupanda" si geni kwangu. Mwanafunzi hupanda darasa, askari hupanda cheo, na sisi watumishi hupanda daraja la mshahara, kutoka U7 kwenda U6 na kuendelea, Mungu akijalia. Naandika leo kwa sababu dada yangu alinitaka niamue jambo la mwanawe, nami niliona haifai kulihukumu jambo nisilolijua. Hivyo nililazimika kujifunza mambo mawili: michezo hii hupandisha watu kwa mwendo gani, na mtu akishafika juu hukuta nini.

MCHEZO WENYEWE

Katika michezo hii mchezaji huvaa nafsi ya mtu mwingine. Huweza kuwa shujaa mwenye upanga, mganga, mpiga mishale, au fundi wa kawaida tu. Huingia kwa njia ya mtandao katika nchi ya kubuni, na humo hukutana na watu halisi walioketi Nairobi, London au Manila. Huanza akiwa dhaifu, hana kitu. Kila anapomshinda adui au kumaliza kazi aliyotumwa, hupewa alama. Alama zikitimia hupanda ngazi moja, akaongezewa nguvu na ruhusa ya kufika mahali ambapo jana asingethubutu kukanyaga.

Mpango huu haukuzaliwa jana. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, unaochezwa kwa karatasi, penseli na dadu, na ndani yake mhusika hupanda ngazi kwa alama za uzoefu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walitengeneza MUD, mchezo wa kompyuta wenye maandishi matupu ambao watu wengi waliweza kuucheza kwa wakati mmoja. Aliyefika kileleni humo aliitwa mchawi, naye alipewa uwezo ambao wachezaji wa kawaida hawakuwa nao. Kisha ikafuata EverQuest mwaka 1999, RuneScape mwaka 2001 na World of Warcraft mwaka 2004. Simu zilipopata nguvu za kompyuta, michezo ikaingia mfukoni. Old School RuneScape, mathalani, ilifika simuni Oktoba 2018.

HESABU YA NGAZI

Nauchukua Old School RuneScape kuwa mfano, kwa kuwa hesabu zake zinajulikana na kila mtu aweza kuzipima. Kila ufundi katika mchezo huo, uwe wa kupika, wa kuvua samaki au wa kukata miti, una ngazi 99. Kutoka ngazi ya 1 hadi ya 2 zahitajika alama 83. Ngazi ya 10 hufikiwa kwa alama 1,154, na ngazi ya 50 kwa alama 101,333. Sasa, ndugu msomaji, ungedhani aliyefika 50 yuko katikati ya safari. Sivyo. Ngazi ya 99 yahitaji alama 13,034,431, na aliyefika ya 50 hajatembea hata sehemu moja kati ya mia ya njia hiyo. Nusu ya njia yenyewe iko ngazi ya 92! Anayesema "nimebakiza ngazi 7 tu" amebakiza safari iliyo sawa na yote aliyokwisha kuitembea tangu siku ya kwanza.

Nilijiandikisha, nikashika shoka nijionee. Mti wa kawaida hutoa alama 25 kwa kila gogo, basi magogo 4 yalinitosha kupanda ngazi ya kwanza. Fataki zikaruka kichwani pa mtu wangu, nami, mtu mzima mwenye cheti, nikajikuta natabasamu. Huko juu mambo hubadilika. Mti uitwao yew, unaoruhusiwa kukatwa kuanzia ngazi ya 60, hutoa alama 175 kwa gogo. Kutoka ngazi ya 98 hadi ya 99 zahitajika alama 1,228,825. Ukigawanya utapata magogo 7,022, yote ya mti ule ule, kwa shoka lile lile, na kupanda ni mara moja tu.

Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anaifahamu mbinu hii. Mtoto aliyeandika herufi moja husifiwa mara moja, ili apate moyo wa kuandika ya pili. Baadaye sifa hupunguzwa, kwa kuwa kazi yenyewe imeanza kumpa furaha. Watengenezaji wa michezo hufanya vivyo hivyo: sifa tele mwanzoni, kisha kidogo kidogo, huku mchezaji akiendelea kwa mazoea. Lakini mwalimu humpandisha mtoto ili siku moja aondoke darasani akajitegemee, ilhali mwenye mchezo hupata faida kwa kadiri mchezaji anavyobaki. Baadhi ya michezo ya simu huenda mbali zaidi: hupunguza mwendo kwa makusudi, kisha humwuzia mchezaji haraka kwa fedha taslimu.

KIJANA WA DADA YANGU

Mpwa wangu ana umri wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Anaishi na mama yake katika kambi moja ya jeshi hapa mjini. Baba yake ni sajini, na wakati ninaousimulia alikuwa Somalia, ambako askari wetu walikuwa wakihudumu tangu Machi 2007. Kijana alianza kucheza michezo hii katika zile siku ambazo watoto wengi walikaa nyumbani, shule zilipokuwa zikifungwa kwa vipindi virefu tangu Machi 2020 hadi Januari 2022. Mchezo wake sitautaja. Ni mmoja wa jamaa hiyo niliyoieleza.

Dada aliniita Jumapili moja akasema, "Kaka, wewe ni mwalimu. Niambie kama niivunje hii simu au niiache. Mtoto huyu anaamka saa tisa za usiku kucheza, na mimi siwezi kumwandikia baba yake habari kama hizi wakati yuko kazini huko."

Nilikaa na kijana barazani. Sikumkemea. Nilimwomba anionyeshe mahali alipofika, naye alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alinionyesha mstari mwembamba wa buluu chini ya kioo, unaojaa kadiri alama zinavyoongezeka. Nikamwuliza ni kitu gani hasa kinachomwamsha usiku wa manane.

Alifikiri kidogo, akasema, "Mjomba, humu naona nimebakiza kiasi gani."

"Na nje ya humu?"

"Baba akipiga simu namwuliza atarudi lini. Husema, 'Karibuni, mwanangu.' Karibuni haina mstari."

Ndugu wasomaji, nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya uvivu na masomo. Niliiacha pale pale. Kijana hakuwa mvivu. Alikuwa akitafuta mahali ambapo jitihada inahesabika na mwisho unaonekana. Katika nyumba ya askari, mambo mengi makubwa hayana tarehe: uhamisho, likizo, kurejea kwa baba, kupanda kwake cheo. Mama huvumilia kwa kuwa ni mtu mzima. Mtoto naye huvumilia, lakini macho yake hutafuta mstari wa buluu.

HUKO JUU KUNA NINI?

Nilimwuliza kijana swali la pili: ukifika ngazi ya mwisho, utafanya nini? Hakuwa na jibu. Nikaona hapo ndipo penye kiini cha jambo, nikaenda kulitafutia jibu mwenyewe.

World of Warcraft ndio mfano mashuhuri. Ulipotolewa Novemba 2004, ngazi ya mwisho ilikuwa ya 60. Waliofika hapo walikuta kwamba kazi kubwa ndiyo kwanza inaanza: kuvamia mapango ya majitu kwa kikosi cha watu 40. Askari wanaosoma ukurasa huu wataona kwamba hiyo ni idadi ya platuni nzima. Kila mtu alikuwa na wajibu wake. Wenye ngao walisimama mbele wakivuta hasira ya jitu, waganga walikaa nyuma wakiwatibu wenzao, na wengine walishambulia kwa zamu. Mmoja akikosea hatua, wote 40 huweza kufa na kuanza upya. Hapakuwa na njia ila kupanga, kutii na kusameheana. Sioni aibu kusema kwamba humo wapo vijana waliojifunza uongozi.

Lakini ipo sura ya pili. Adui aliyeuawa wiki hii hufufuka wiki ijayo, na silaha unayoitafuta hutolewa kwa bahati, huenda ikaja leo au baada ya miezi. Kisha mwaka 2007 kilele kikasogezwa hadi ngazi ya 70, mwaka 2008 hadi ya 80, na kuendelea hivyo hadi mwaka 2018 kilipofika 120. Kila kilele kilipopanda, upanga uliohangaikiwa na watu 40 kwa miezi mingi ulishindwa na kisu cha mwanzoni mwa nchi mpya. Hatimaye mwaka 2020 wenye mchezo waliikata ngazi yenyewe. Aliyekuwa ngazi ya 120 aliingia akajikuta ya 50, na kilele kipya kikawa 60, pale pale kilipokuwa mwaka 2004. Fikiri, ndugu sajini, umeamka asubuhi ukaambiwa kwamba jeshi zima limehesabiwa upya, nawe umerudi koplo!

Mtu angedhani kwamba dawa ni kuwapandisha watu upesi ili wafike juu bila taabu. Nalo limejaribiwa, na jambo la ajabu likatokea: wachezaji wengi walidai warudishiwe ule mwendo wa zamani wa polepole. RuneScape wa kale ulirejeshwa Februari 2013 baada ya wachezaji wenyewe kupiga kura, nao ulijengwa juu ya nakala ya mwaka 2007. World of Warcraft wa zamani ulirejeshwa Agosti 2019. Watu walikuwa radhi kukata magogo elfu saba, mradi ngazi iwe na maana.

Sisi walimu hatukushangazwa na habari hiyo. Januari 2022, shule zetu zilipofunguliwa, wanafunzi walipandishwa darasa bila mtihani, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Sikulaumu uamuzi huo hata leo. Hata hivyo walimu wenzangu walinisimulia jinsi mtoto alivyoketi mbele ya ubao wa darasa jipya akiwa hana hata nusu ya mambo ya darasa aliloliacha. Cheo alikuwa nacho, kazi iliyomo ndani ya cheo hakuwa nayo, naye alilijua hilo kabla ya mzazi wake.

KETE ZA MWESO

Kambini kwao kijana yupo mzee mmoja mstaafu ambaye jioni hucheza mweso chini ya mwembe. Nilimpeleka kijana kwake. Wasomaji wa Uganda wanaujua mchezo huu: ubao wa mashimo 32, kete 64, kila mchezaji akianza na kete zake 32. Mzee huyo amecheza kwa miaka zaidi ya arobaini, na bado kila jioni huanza na kete 32, sawasawa na mtoto aliyejifunza jana. Hakuna ngazi wala fataki, na hakuna awezaye kununua kete ya thelathini na tatu. Alichopanda mzee kimo kichwani mwake, na hakuna anayeweza kuja usiku kukikata.

Kijana alishindwa michezo sita mfululizo. Katika wa saba alidumu muda mrefu, na mzee akainua kichwa akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Sikuhitaji kueleza neno.

TULIVYOAMUA

Simu haikuvunjwa. Tulikaa watatu, mama, mwana na mimi, tukaandika makubaliano kwenye karatasi. Kucheza ni baada ya kazi za nyumbani na masomo, mwisho saa tatu za usiku, na simu hulala chumbani kwa mama. Bando ni la wiki. Likiisha Jumanne, limeisha. Ikumbukwe kwamba tangu Julai 2021 bando hapa kwetu limetozwa kodi ya asilimia 12, na mshahara wa sajini hauna mti wa kukata magogo.

Jambo la pili tulilofanya ni kuuchora mstari wa buluu ukutani. Nilichukua mada za hisabati za muhula huo, nikazigawa katika hatua ndogo ndogo, za mwanzoni fupi na za mbele ndefu kidogo, kama michezo ifanyavyo. Kila hatua alipoimaliza, alipaka rangi. Muhula huo hisabati ilipanda. Kemia haikupanda, na sitawadanganya wasomaji kwamba kalamu ya rangi huponya kila kitu.

La tatu lilikuwa la baba mwenyewe. Dada alimweleza mumewe jambo lote kwa simu, kwa upole. Tangu hapo shemeji alipopiga simu alimwuliza mwanawe, "Umefika ngapi? Na wenzako je?" Mazungumzo ya dakika mbili yakawa ya robo saa. Kijana alifika kilele katika likizo ya Desemba. Wiki mbili baadaye aliniambia kwamba huko juu ni kurudia tu, ila sasa anawafundisha wanaoanza, na hilo analipenda. Hucheza Jumamosi. Sijui itakuwaje kilele kitakaposogezwa.

NENO KWA WAZAZI

Yapo mambo matatu ambayo kila nyumba ya askari na polisi yafaa iyazingatie.

Kwanza, humo mchezoni mna maongezi na watu msiowajua. Mtoto wa askari asiseme baba yuko wapi, ameondoka lini, wala kikosi chake ni kipi, hata kwa rafiki aliyepigana naye bega kwa bega kwa mwaka mzima. Asitoe neno lake la siri, wala asitume fedha kwa mtu. Afundishwe hili kabla ya kupewa simu.

Pili, mzazi atofautishe mapenzi na maradhi. Shirika la Afya Duniani limeyatia maradhi ya michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea ijapokuwa anaona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Mtoto anayecheza sana lakini anakula, anasoma na anacheka na wenzake si mgonjwa. Mwenye dalili hizo apelekwe kwa daktari, fimbo haitamsaidia.

Tatu, tusiwaulize watoto wetu wamefika ngazi ya ngapi tu. Tuwaulize ngazi hiyo inawapa kazi gani, na inamsaidia nani. Sajini anajua kwamba tepe tatu begani ni watu aliokabidhiwa, awalishe, awafunze, awarudishe salama. Cheo cha simuni chaweza kuwa na maana kama hiyo pale mwenye nacho anapowashika mkono wanaoanza, na chaweza kuwa magogo matupu. Mtoto akizoea kulitafuta jibu la swali hilo katika mchezo, atajua kulitafuta pia katika shule, katika kazi na katika utumishi.

Na ninyi mlioko vituo vya mbali, mnapopiga simu nyumbani, msiseme "karibuni" peke yake. Kama tarehe haijulikani, mpeni mtoto jambo dogo la kumaliza kabla ya simu ijayo: mlango wa kutengeneza, sura moja ya kitabu, mche wa kumwagilia. Kisha mkipiga tena, lianzeni hilo kabla ya salamu za wengine.